Kiputo Kinachoigomesha Injini

Kusi likishatulia, vyombo vilivyopandishwa juu kati ya Takaungu na Ngomeni, pwani ya Kenya, huanza kurudishwa majini. Vidogo vingi siku hizi vinatumia mashine za petroli zinazofungwa tezini. Dizeli imebaki tumboni mwa majahazi ya mizigo na boti kubwa zinazowafuata nduaro na sulisuli nje ya Watamu na Malindi, na hapo ndipo kizaazaa huanza. Betri ina nguvu, stata inazungusha, mashine inageuka kwa bidii zote, lakini haiwaki. Kazi haikuiharibu, kukaa ndiko kulikoiharibu. Mkasa huo huwapata pia wenye mashine za kusaga huko Ganze na wenye pampu za kumwagilia mashamba kando ya Mto Sabaki, maana dizeli ni dizeli, iwe inasukuma chombo, inasaga mahindi au inavuta maji.

Je, wajua kwamba injini hii haina plagi ya kutoa cheche? Inavuta hewa tupu na kuibana hadi iwe ndogo mara 15 au hata mara 22. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli huanza kuwaka yenyewe ikifikia nyuzi 200 na kitu. Basi mafuta yakinyunyizwa kama ukungu ndani ya hewa hiyo, yanashika moto bila kuwashwa na mtu. Ndiyo maana maswali ya kumuuliza mgonjwa huyu ni machache. Hewa imebanwa vya kutosha? Mafuta yamefika kwa wakati wake? Injini iliyozimwa ikiwa nzima mara nyingi haipotezi nguvu ya kubana hewa kwa kulala miezi michache. Mshukiwa wa kwanza ni mafuta.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ekzosi, na haugharimu hata shilingi. Mtu mmoja apige stata, mwingine atazame nyuma. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, yanafika ila hayaungui, na hapo utafute kwingine: nozo zinazotiririsha mafuta badala ya kuyanyunyiza, maji, au silinda iliyochoka. Kabla ya kugusa spana, tazama pia koki ya tangi na stopa, ule waya au swichi ya kuzimia inayokata mafuta. Pampu za mafuta zimewahi kufunguliwa na kutandazwa kwenye gunia, kumbe stopa ilikuwa imevutwa tangu chombo kilipopandishwa.

Tuseme moshi hautoki. Ili nozo ya injini ya zamani ifunguke, pampu lazima isukume mafuta kwa shinikizo la bar 120 hadi 250, ilhali tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Shinikizo hilo linawezekana kwa sababu dizeli haibaniki: ukiisukuma upande huu, upande wa pili unasikia papo hapo. Hewa haiko hivyo. Kiasi ambacho pistoni ya pampu husukuma kwa mpigo mmoja ni kidogo mno, na kiputo kikiwa ndani ya paipu, nguvu yote huishia kukifinya; pistoni ikirudi, nacho kinatanuka tena. Nozo haifunguki. Injini inayoishi kwa hewa moto inauawa na hewa kidogo iliyopita mlango usio wake.

Tena dizeli ya kwanza ilitegemea hewa hiyo hiyo kupeleka mafuta. Mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, injini ya Rudolf Diesel iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati huo hazikukifikia. Mafuta yake yalipulizwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa, chombo kizito na ghali kilichoifanya injini isitoshee kwenye boti ndogo wala lori. Ni pampu ya kusukuma mafuta matupu, ambayo kampuni ya Robert Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, iliyoifungulia dizeli njia ya barabarani na vijijini. Kuanzia hapo hewa ikawa adui wa paipu. Diesel mwenyewe hakuyaona hayo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka kutoka kwenye meli iitwayo Dresden iliyokuwa ikivuka kwenda Uingereza.

Hewa huingia vipi? Mafuta yakiisha kabisa, au filta mpya ikifungwa bila kujazwa, jibu ni rahisi. Kinachowasumbua watu ni hewa inayoingia huku tangi limejaa na hakuna tone linalovuja. Paipu kutoka tangini hadi pampu ndogo ya kulishia haisukumwi, inavutwa. Fikiria mrija wa kunywea dafu wenye ufa: maji hayamwagiki, ila unavuta hewa tu. Ndivyo inavyofanya mpira wa dizeli uliopasuka kwa jua, nati iliyoliwa na chumvi, au washa ya shaba iliyotumika mara tatu. Fundi anayetafuta palipolowa hatapaona. Injini ikilala usiku, mafuta hurudi tangini polepole na asubuhi paipu ni tupu.

Kwa maoni yangu, jaribio moja lingefanywa kabla ya mengine yote. Chukua mtungi safi wa dizeli uliyochuja, uning'inize juu kuliko injini, ulete mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu ya kulishia, kisha utoe hewa. Ikiwaka na kuendelea, filta, pampu kubwa inayosukuma mafuta kwenye nozo, na nozo zenyewe hazina hatia. Ubaya uko nyuma: tangi, koki, paipu. Watu husafirisha pampu hadi Mombasa kupimwa, wakalipa, wakarudi na pampu ile ile nzima, kwa sababu walianzia mwisho wa njia, kwenye kitu cha bei kubwa kuliko vyote.

Tangi nalo lina vituko vyake. Lazima lipumue kupitia kitundu au kijibomba, na nyigu wa udongo hupenda sana vijibomba vya namna hiyo. Kikizibwa, injini huwaka, hunguruma dakika kadhaa, kisha hukabwa na kuzima. Fungua kifuniko: ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, umeshampata mkosaji.

Tangi lililoachwa nusu msimu wote wa kusi huvuta hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone ukutani. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutulia chini, mahali mafuta yanapochotwa. Mpakani mwa maji na mafuta huzaliana bakteria na kuvu, mmojawapo akiitwa Hormoconis resinae, anayejulikana pia kwenye matangi ya mafuta ya ndege. Hao hula dizeli na kuacha utelezi mweusi. Chombo kikiwa kimetulia, uchafu umelala. Kikifika mlangoni pa mwamba na mawimbi yakatikisa tangi, wote hukimbilia filta kwa pamoja. Jaza tangi kabla ya kupandisha chombo, na ukikishusha fungua koki ya chini, kinga ndani ya chupa ya kioo, iache usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa yamejitenga.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaua pampu taratibu zaidi. Serikali ya Kenya iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukomesha mchanganyiko huo. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni kama sehemu 2 au 3 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha, nafasi inapanuka. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: injini inawaka ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto, kwa kuwa mafuta ya moto ni mepesi na hupenya pembeni mwa pistoni. Mafundi huitambua kwa kuizungushia pampu kitambaa kibichi. Ikipoa na injini ikawaka, pampu imechoka.

Kutoa hewa kwenyewe hakuna uchawi, kunataka subira. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga mkono wa pampu ya kulishia; litatoka povu, halafu mkondo safi. Kaza skrubu ukiwa bado unapiga. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Kisha legeza nati za paipu kwenye nozo, fungua aksileta yote, piga stata kwa vipindi vifupi hadi kila nati iteme mafuta matupu, na ukaze moja baada ya nyingine.

Hatua hiyo ya nati ni ya injini za zamani tu. Pikapu na boti mpya zinazoongozwa kwa kompyuta hushindilia mafuta kwa bar 1,600 na zaidi, na paipu zake hazilegezwi injini ikizunguka. Hata nozo ya zamani isipimwe mbele ya kiganja. Mchirizi wake hupasua ngozi na kuacha alama kama ya sindano, isiyouma sana mwanzoni, huku dizeli ikiozesha nyama ndani. Aliyechomwa hivyo aende hospitali saa ile ile na amwambie daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo, asingoje mkono uvimbe.