Kabla fundi hajaflashi simu: rikavari mpya inaokoa simu, haiokoi picha

Kwenye meza za mafundi wa simu, kuanzia soko la Virunga mjini Goma hadi Kadutu mjini Bukavu na mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, neno moja linajibu karibu kila ugonjwa: kuflashi. Simu imekwama kwenye alama ya kampuni, itaflashiwa. Simu imekuwa nzito au imekataa WhatsApp, itaflashiwa pia. Mwenye simu anapatana bei, anaacha kifaa chake na kuambiwa arudi jioni.

Lakini neno hilo linaficha kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kurudisha programu ileile iliyotoka kiwandani. Ya pili ni kuondoa sehemu ya simu inayoitwa rikavari na kuweka nyingine iliyotengenezwa na watu wasio wa kiwanda. Kazi hii ya pili inaweza kumpa mtu miaka mingine ya kutumia simu ambayo kampuni imekwisha kuisahau. Inaweza pia kufuta kila kitu kilichomo ndani, bila njia ya kukirudisha. Anayelijua jambo hilo jioni, simu ikiwa tayari mkononi, amechelewa.

Chumba kidogo ndani ya simu

Kumbukumbu ya simu ya Android imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Chumba kimoja kina mfumo wenyewe, yaani Android inayoonekana kila siku. Kingine kina mali ya mwenye simu: picha, ujumbe, namba za watu na programu alizoweka. Pembeni kuna chumba kidogo, rikavari. Humo mna mfumo mdogo unaoweza kuwaka peke yake, hata kama Android yenyewe imeharibika. Mara nyingi mtu anaufikia kwa kuzima simu, kisha kushika pamoja kitufe cha kuwasha na kitufe cha sauti.

Rikavari ya kiwandani inafanya kazi chache: kufuta simu yote irudi kama mpya, kusafisha faili za muda, na kupokea masasisho ya mfumo. Masasisho hayo lazima yawe na sahihi ya kampuni iliyotengeneza simu. Faili isiyo na sahihi hiyo inakataliwa.

Rikavari isiyo ya kiwandani haina ukali huo. Inayojulikana zaidi ni TWRP, iliyoanza mwaka 2011 kwa kazi ya kundi la wajitoleaji linaloitwa Team Win. Kabla ya TWRP kuenea, wengi walitumia ClockworkMod ya Koushik Dutta. TWRP inatolewa bure na inatumika kwa kugusa kioo. Inaweza kunakili vyumba vya simu na kuviweka kwenye kadi ya memori, na inakubali mfumo mwingine usiotoka kiwandani.

Kwa nini watu wanaitafuta

Sababu kubwa ni uzee wa programu, si uzee wa chuma. Simu nyingi za bei ya chini zinapata masasisho kwa muda mfupi tu, kisha kampuni inaziacha. Kioo ni kizima na batri bado inashika, lakini mfumo haubadiliki tena. Matundu ya usalama yanayogunduliwa baadaye hayazibwi. Halafu programu nazo zinaanza kuikimbia simu. WhatsApp, kwa mfano, ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba 2023 itakubali tu simu zenye Android 5.0 kwenda juu.

Hapo ndipo mfumo kama LineageOS unapoingia. Ulianza Desemba 2016, baada ya kampuni ya Cyanogen kufunga huduma za CyanogenMod, na unatengenezwa na wajitoleaji wa nchi mbalimbali. Mfano mmoja unaonyesha faida yake. Samsung Galaxy S5 ilitoka mwaka 2014 ikiwa na Android 4.4, na kampuni yake iliiacha kwenye Android 6. Wajitoleaji wa LineageOS waliifikisha Android 11.

Kwa Kongo jambo hili lina uzito wake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa nchini, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu yake inaingia kwenye batri za simu. Koltani inatoka Rubaya, katika Masisi. Madini yanatoka yakiwa udongo na kurudi yakiwa simu, mara nyingi simu ya okazioni ambayo mtu mwingine amekwisha kuitumia. Kila mwaka inaoongezewa ni dola zinazobaki nyumbani.

Kampuni na serikali za nje zimeanza kusogea. Mwaka 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Lakini simu zilizoko mezani kwa fundi leo ni za kabla ya hapo.

Kazi inavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kufungua butiloda. Hii ni programu inayoamka mapema kabisa mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha, na kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: inakagua kama mfumo unaotaka kuwaka ni wa kiwanda. Ikiwa imefungwa, rikavari ya kigeni haiingii.

Kwa kawaida mwenye simu anaingia kwenye mipangilio, anagusa namba ya toleo mara 7 ili menyu iliyofichwa ijitokeze, kisha anaruhusu butiloda ifunguliwe. Simu inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kwa modeli nyingi inatumika programu ya Google inayoitwa fastboot. Kwa Samsung mafundi wanatumia Odin. Kioo kinauliza kwa mara ya mwisho kama mwenye simu anakubali. Akikubali, chumba cha mali yake kinafutwa chote.

Kufutwa huko si ajali wala uzembe wa fundi. Kumewekwa makusudi. Kama kufungua butiloda kusingefuta kitu, mwizi angeweza kuweka rikavari yake na kutafuta picha na ujumbe wa mtu bila kujua namba yake ya siri.

Baada ya hapo rikavari mpya inatumwa kutoka kompyuta. Faili lazima iwe ya modeli hiyohiyo, kwa namba yake kamili, kwani jina la dukani halitoshi. Galaxy S7 moja ina chipu ya Exynos na nyingine ina Snapdragon, kulingana na soko ilikouzwa, na faili ya moja haifai kwa nyingine. Faili isiyo yake, waya unaolegea, au kuriani inayokatika huku kompyuta haina batri, vinaweza kuiacha simu imekufa kama tofali.

Tena, maelezo ya zamani hayafai kila simu. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, kuna simu zisizo na chumba cha rikavari cha peke yake. Rikavari imeingizwa ndani ya chumba cha kuwashia. Anayefuata njia ya simu ya mwaka 2013 kwenye simu kama hiyo anaweza kuizuia isiwake.

Kosa linalogharimu picha

Mtu ambaye simu yake imekwama akisikia kwamba TWRP inanakili data, anaweza kuamini kwamba itaokoa picha za harusi au za mzazi aliyefariki. Kwa simu nyingi za leo haiwezekani, na sababu ni mpangilio wa hatua zenyewe. Nakala inatolewa na rikavari mpya. Rikavari mpya haiingii mpaka butiloda ifunguliwe. Kufungua butiloda kunafuta picha zilezile. Zaidi ya hayo, ruhusa ya kufungua iko ndani ya mipangilio, na simu isiyowaka haifiki huko.

Zipo simu za zamani ambazo lango lao halikufungwa, kama Galaxy S3 ya soko la kimataifa, iliyotoka mwaka 2012. Kwa hizo fundi anaweza kuweka rikavari bila kufuta na kutoa picha. Lakini kila simu iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi, yaani tangu mwaka 2019, inatakiwa kuhifadhi data ikiwa imefumbwa kwa ufunguo wa siri. Bila ufunguo huo, hata anayefika ndani anakuta herufi zisizosomeka.

Kwa hiyo rikavari mpya ni kazi ya wakati simu bado nzima. Inafanana na kuchonga ufunguo wa pili: unachongwa mlango ukiwa wazi, si baada ya kujifungia nje.

Kwa simu iliyokwama kuna njia za upole za kujaribu kwanza. Rikavari ya kiwandani inaweza kusafisha faili za muda bila kugusa picha, kwenye simu zenye chaguo hilo. Inaweza pia kupokea sasisho rasmi la kampuni. Kwa Samsung, fundi anaweza kurudisha mfumo wa kiwanda kwa Odin, na hapo tofauti yote iko kwenye faili moja: inayoitwa HOME_CSC kwa kawaida inaacha mali ya mwenye simu mahali pake, na inayoitwa CSC peke yake inaifuta. Fundi anayejua kazi anajua tofauti hiyo. Mteja naye ana haki ya kuiulizia.

Kinachobadilika baada ya kazi

Hata kazi ikienda vizuri, simu hairudi kuwa ileile. Nyingi zinaonyesha onyo kila zinapowaka kwamba butiloda iko wazi. Kwenye Samsung zenye Knox kuna alama ndani ya chuma inayobadilika mara mfumo usio rasmi unapowekwa, na haibadiliki tena hata mfumo wa kiwanda ukirudishwa. Samsung Pay na Folda Salama haviwezi kutumika tena kwenye simu hiyo.

Programu za benki nazo zinaweza kukataa, kwa kuwa Google inazipa njia ya kukagua kama simu imefunguliwa. Kwa watumiaji wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hofu ni ndogo zaidi. Pesa hizo zimefungwa kwenye namba ya simu huko kwa mtandao, hazimo ndani ya kumbukumbu ya kifaa. Kufuta simu hakugusi salio, na njia ya kupiga namba fupi inafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vitufe.

Kuna simu zisizokubali kazi hii hata fundi akiwa hodari. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Xiaomi inadai akaunti na mara nyingi siku kadhaa za kusubiri. Kwa Tecno, Infinix na itel, zinazojaa kwenye masoko yetu, modeli nyingi hazimo katika orodha rasmi ya TWRP. Hapo watu wanachukua faili kwa mtu wasiyemjua. Hatari yake ni kubwa kuliko ya programu ya kawaida, kwa sababu rikavari ina uwezo juu ya simu nzima, na aliyeweka ubaya ndani yake hahitaji kuomba ruhusa yoyote.

Maswali ya kuuliza mezani

Kabla ya kuacha simu, ni vizuri kumwuliza fundi mambo machache kwa lugha wazi. Je, utarudisha mfumo wa kiwanda au utaweka rikavari nyingine? Butiloda itafunguliwa? Picha zitabaki? Faili unayotumia ni ya namba kamili ya modeli hii? Fundi asiyeweza kujibu la tatu asipewe simu yenye picha ambazo haziko mahali pengine.

Na kazi ya kwanza kabisa haihitaji fundi. Simu ikiwa bado inawaka, mwenyewe anaweza kupeleka picha kwenye kadi ya memori au kompyuta ya rafiki, kuweka namba za watu kwenye akaunti ya Google, na kutengeneza nakala ya WhatsApp nje ya simu. Kadi ya memori itolewe kabla ya simu kukabidhiwa. Kuweka picha kwenye kadi au kompyuta hakuli hata mega moja. Hayo yakiwa yamefanyika, mwenye simu anaweza kumwachia fundi kifaa chake akijua kwamba kinachoweza kupotea ni simu tu.