Je, Wajua? Dafu haliponyi UTI ya mwenye kisukari

Sukari ya damu ikizidi takriban miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nyingine huishia kwenye mkojo, ambako bakteria huila. Tena kisukari cha miaka mingi huweza kuharibu neva za kibofu, mkojo usitoke wote. Ndiyo maana mwenye kisukari hupata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa urahisi.

Watu wengi wa Pwani wenye UTI huambiwa wanywe madafu. Dafu lina maji mengi, kweli, lakini lina sukari yake, na potasiamu yake ni hatari kwa figo zilizokwisha kudhoofika. Juisi ya miwa ni mbaya zaidi. Na magadi soda kwenye maji, tafadhali yaacheni: yana sodiamu nyingi.

Maji matupu ndiyo yenye ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake ambao bado wanapata hedhi, wanaosumbuliwa na UTI kila mara na wasiozoea kunywa maji mengi. Walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua mara chache zaidi. Hiyo ni kinga, si tiba, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo amuulize daktari kwanza.

Mkojo ukianza kuchoma, nenda ukapimwe, na ukipewa antibayotiki umalize dozi. Homa ya kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavu huashiria kwamba figo zimefikiwa: wahi hospitali siku hiyohiyo. Pima sukari mara nyingi zaidi kipindi hicho, kwa sababu maambukizi yenyewe huipandisha.