Namna ya kufunga programu kusudi ikubali kwa mashini ya wengine



Mwaka uliopita sisi wa klabu ya informatike tulitengeneza programu ya kuhesabu pointi za wanafunzi. Kwa mashini yetu ilitembea muzuri. Tulipoipeleka ku ofisi ya sekretere, ikakataa. Tukaitengeneza, tukarudi, ikakataa tena kwa namna ingine. Wengi mumeniuliza sababu gani. Basi, nieleze.

Kifurushi ni nini?

Programu haiko kitu kimoja. Iko na fishie nyingi, na kila moja inatafuta mahali pake ndani ya mashini. Kwa hiyo tunazifunga pamoja ndani ya kifurushi kimoja, ambacho jina lake linaishia na .msi. Windows inakisoma, inajua fishie gani iende wapi, na siku ingine namna ya kuziondoa zote. Namna hii ilitoka mwaka 1999, pamoja na Office 2000.

Sisi tunaandika kwa Visual Studio. Zamani kazi ya kufunga ilikuwa ndani yake. Mwaka 2012 Microsoft waliiondoa, na mwaka 2014 wakairudisha kama kipande cha kuongeza, jina lake Visual Studio Installer Projects. Ukisha kukiweka, unaongeza projeti ya pili kando ya programu yako. Hiyo ya pili ndiyo inajenga kifurushi. Sasa angalia mipango yake ine.

1. Unafunga nini?

Visual Studio inajenga programu kwa namna mbili: Debug na Release. Debug ni ya fundi: inabeba alama za kutafutia makosa, na haikurahisishwa kwa kwenda mbio. Release ni ya kupatia watu. Kifurushi kinachukua ile iliyochaguliwa juu ya ekran saa ile. Usipoangalia, utafunga Debug pasipo kujua.

Tena kuna mtego. Ukisema ijenge projeti zote, mara nyingi projeti ya kifurushi inaachwa, maana katika ukurasa wa Configuration Manager kisanduku chake cha Build hakina alama. Unaona "imefaulu", unachukua .msi, kumbe ni ile ya juzi! Weka alama pale, ao ujenge projeti ya kifurushi yenyewe.

2. Mashini ya namna gani?

Kuna mpango unaitwa TargetPlatform. Ukichagua x64, mashini ya zamani ya biti 32 itakataa. Ukichagua x86, zote mbili zitakubali. Kwetu ambapo mashini ni za umri mbalimbali, x86 inafaa, kama programu yenyewe haidai biti 64.

3. Mashini ile inapashwa kuwa na nini mbele?

Hapa ndipo tulianguka mara ya kwanza. Programu yetu inategemea .NET Framework 4.7.2. Mashini yetu iko na Windows 10 ya hivi karibuni, nayo inakuja na kitu hicho ndani. Mashini ya sekretere iko na Windows 7, na hiyo ilikuja na 3.5.1 tu.

Kando ya .msi kuna setup.exe. Kazi yake ni kutazama kama kinachokosekana kiko, na kukiweka kama hakiko. Lakini itakitoa wapi? Usipobadilisha kitu, itakwenda kukitafuta kwa intaneti. Na ku ofisi ile intaneti haiko! Ilingoja, ikashindwa.

Dawa: fungua ukurasa wa Prerequisites, chagua kwamba vitu hivyo vichukuliwe mahali pale pale programu iko. Halafu Visual Studio itavibeba kando ya kifurushi. Lakini wewe upate kwanza fishie nzima ya .NET Framework, uiweke ndani ya dosie yake ya Packages. Pasipo hivyo kujenga kutakataa na kukuambia fishie haionekani. Kisha peleka dosie nzima ndani ya kle USB, si .msi peke yake, na kule anzia kwa setup.exe.

4. Hii ni toleo gani?

Mara ya pili ndiyo ilituumiza. Programu ilikuwa imewekwa, lakini ilikuwa na kosa: somo moja la pointi 40 lilihesabiwa mara mbili katika jumla ya juu. Mwenzetu mmoja alikuwa na pointi 260 juu ya 500, ni kusema 52 kwa mia. Programu ikagawanya kwa 540, ikaandika 48. Mnaelewa maana yake: kurudia mwaka! Kwa bahati sekretere alihesabu tena kwa kartasi.

Tulisahihisha kosa siku ile ile. Lakini kifurushi kipya kilikataa: Windows ilisema toleo lingine la programu hii limekwisha kuwekwa. Sababu? Hatukubadilisha namba.

Kifurushi kiko na alama tatu. UpgradeCode ni kama jina la jamaa: usiibadilishe hata siku moja. ProductCode ni kama jina la mtoto: kila toleo na yake. Version ni namba, kama 1.0.0. Ukiandika 1.0.1, Visual Studio itakuuliza kama ibadilishe ProductCode, jibu ndiyo. Hakikisha RemovePreviousVersions inasema True, kusudi ya zamani iondolewe. Usiongeze namba ya ine mwishoni ukitumaini itasaidia: kwa kulinganisha matoleo, Windows inaangalia tatu za kwanza tu.

Kitu cha mwisho, kilitukosesha siku mbili: pandisha pia namba ya fishie ya programu yenyewe. Kama fishie mupya na fishie ya zamani ziko na namba moja, Windows inaweza kuacha ya zamani pale pale. Unaona 1.0.1 imewekwa, na hesabu ni ile ile ya kosa.

Basi, mbele ya kubeba kle USB, jiulize: Ni Release? Kifurushi ni cha leo? Ni x86? .NET iko ndani ya dosie? Namba zimepanda zote mbili? Halafu ijaribu kwanza kwa mashini ingine isiyo na Visual Studio wala intaneti. Mashini ya mwenye kuandika inakubali kila kitu; haiwezi kuwa shahidi.

Wanaotaka kuona kwa macho, waje ku klabu siku ya tano kisha masomo, kama umeme uko.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, klabu ya informatike