Mugere Hawakukutana

Kila anayejiandaa kuvuka kutoka huku Kongo kwenda Bujumbura huniuliza swali lilelile: Mugere si ndipo Stanley alipomkuta Livingstone? Hapana. Walikutana Ujiji.

Jiwe la Mugere lenyewe linatosha kuwa shahidi. Limechongwa majina yao na tarehe: 25-XI-1871. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 ya mwezi huohuo. Shajara ya Livingstone inarudi nyuma zaidi, hadi Oktoba, kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu ya siku. Shika tarehe yoyote kati ya hizo mbili: walipofika Mugere kwa mtemi Mukamba, walikuwa wamekwisha kula na kusafiri pamoja siku nyingi. Anayekusimamisha mbele ya jiwe hilo na kukusimulia jinsi walivyosalimiana hapo kwa mara ya kwanza anakudanganya, tena kwa hela yako.

Na uongo huu unafunika habari yenye maana zaidi. Wawili hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kwa sababu ya mto Ruzizi. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto huo unaingia Ziwa Tanganyika, lakini hawakuufikia, na wakubwa wa jiografia kule Ulaya wakabaki wakibishana kama unatoka ziwani kuelekea Nile. Mwaka 1871 wapiga makasia wa Ujiji waliwafikisha Stanley na Livingstone kwenye mlango wa mto. Maji yalikuwa yanaingia, kama mvuvi yeyote wa huku angewaambia. Halafu wakashuka kwa upande wetu, wakaipita Uvira, ndipo wakavuka kurudi. Hayo hayamo katika hadithi za kwenye jiwe!

Ujiji nako msiabudu mwembe ambao chini yake inasemwa walikutana. Ule wa 1871 ulikwisha kufa. Maandishi ya mnara wa pale yenyewe yanasema ulisimama hapo wakati ule. Ya leo ni miembe iliyotokana nao. Tazameni bandari: hapo ndipo pembe za ndovu na watu waliotekwa Manyema, ng'ambo yetu hii, walipoteremshwa kabla ya kuanza kutembezwa hadi Bagamoyo. Livingstone aliikuta biashara hiyo imeshamiri, na mwenyeji wa Kongo anayefika Ujiji akauliza habari za Mzungu tu amewapita watu wake mwenyewe.

Basi, safari ya Ujiji. Chukua pasipoti, gonga muhuri kabla ya kuondoka. Boti za wafanyabiashara za Kigoma ulizia Baraka. Kigoma mjini tazama stesheni ya Wajerumani, na uulizie Liemba, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924. Ujiji panda daladala. Makumbusho yako palepale penye mnara. Kusi ikivuma, ahirisha. Boti isiyo na jaketi za kuokolea, shuka.