Mtihani wa mdomo wa rubani binafsi

Mtihani wa mdomo wa rubani binafsi ni mahojiano kati ya mtahini na mwanafunzi wa urubani anayeomba leseni ya kurusha ndege ndogo bila kulipwa. Kwa kawaida hufanyika kabla ya jaribio la kuruka, baada ya mtahiniwa kufaulu mitihani ya kuandika. Mtahini asiporidhika na majibu, anaweza kuahirisha jaribio la angani.

Asili ya jina

Neno *rubani* lina asili ya Kiarabu. Kabla ya kuwepo ndege lilimtaja mtu aliyeongoza chombo baharini. Bandari za Kilwa zilitegemea watu wa namna hiyo, waliojua pepo, miamba na nyota. Rubani wa ndege amerithi jina na pia sehemu ya elimu yao.

Masharti ya leseni

Kanuni za msingi huwekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Kwa viwango vya ICAO, mwombaji awe na:
- umri usiopungua miaka 17;
- cheti cha afya cha daraja la 2;
- saa 40 za kuruka, au 35 akifuata kozi iliyoidhinishwa;
- saa 10 za kuruka peke yake, pamoja na safari moja ya kilomita 270 au zaidi yenye kutua katika viwanja viwili tofauti.

Masomo yanayotahiniwa ni pamoja na sheria za anga, muundo wa ndege, hali ya hewa, uongozaji wa safari, mawasiliano ya redio na uwezo wa mwili wa binadamu.

Mfano: Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko

Mtahini mara nyingi humpa mtahiniwa safari moja, kisha humwuliza maswali juu yake. Safari ya Kilwa Masoko, karibu kilomita 225 kutoka Dar es Salaam, inafaa kuwa mfano.

*Alama za njia.* Anayefuata pwani kuelekea kusini huona mikoko ya delta ya Rufiji, kisha kisiwa cha Songo Songo upande wa kushoto, halafu Kilwa Kivinje. Akipita Kilwa Masoko na magofu ya Kilwa Kisiwani, kiwanja cha Kikwetu karibu na mji wa Lindi kipo karibu kilomita 110 mbele. Akichagua kupitia Mafia, ataulizwa hivi: injini ikizimika, ndege itaweza kunyiririka hadi nchi kavu? Ikiwa haiwezi, ndege yenye injini moja lazima ibebe majaketi ya kuokolea maisha.

*Upepo na mafuta.* Tuseme ndege inakwenda kilomita 180 kwa saa na kutumia lita 35 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni dakika 150. Kusi ikivuma kilomita 30 kwa saa, kwenda huchukua dakika 90 na kurudi dakika 64, jumla 154. Upepo wa mgongoni haurudishi muda wote uliopotea, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipambana na upepo wa mbele. Mafuta ya safari ni karibu lita 90. Akiba ya dakika 30, inayotakiwa mchana kwa safari ya kuona kwa macho, huongeza lita 17.5.

*Joto.* Pwani ikifika nyuzi 32 za Selsiasi, hewa huwa nyepesi. Ndege hupaa kana kwamba kiwanja kipo takriban futi 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo huhitaji njia ndefu zaidi.

*Saa.* Saa 3:00 asubuhi ya Kiswahili ni 09:00 kwenye simu, lakini taarifa za hali ya hewa za anga huiandika 06:00, yaani saa ya dunia (UTC). Kukosea hapa ni kusoma utabiri wa muda mwingine.

*Uamuzi.* Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani hii. Hata bila kimbunga, mvua za masika zinaweza kuficha pwani. Mtahini hutaka kusikia ni wapi rubani atageuza ndege, na kwamba ameamua hivyo kabla ya kuondoka.

Maandalizi

Kukariri majibu hakutoshi, kwa kuwa swali la pili huwa “kwa nini?” Njia nzuri ni kueleza kila hesabu kwa sauti mbele ya mwenzake, na kujua ukurasa wa kitabu cha ndege unaoonyesha uzito, mizani na urefu wa kupaa. Vyeti vya ndege na kitabu cha kumbukumbu za safari vikaguliwe mapema. Asiyejua jibu aseme hivyo, kisha aonyeshe mahali pa kulipata. Kubahatisha mezani humwonyesha mtahini kwamba mtu huyo atabahatisha pia angani, akiwa na abiria.