Sibiloi: Kwa nini mpiga kambi hubeba maji hadi ufuoni mwa ziwa

MPIGA kambi anayefika kwa mara ya kwanza katika Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, kaskazini mwa Kenya, huenda akadhani kwamba shida ya maji imekwisha. Baada ya safari ndefu katika mchanga na mawe meusi, Ziwa Turkana hujitandaza mbele yake, maji yake ya kijani yakienea kwa urefu wa karibu kilomita 250.

Lakini ni papo hapo ufuoni ambapo mtungi aliobeba kutoka mbali huwa na thamani kuliko kitu kingine chochote garini mwake. Maji ya ziwa hilo yana magadi, chumvi na madini ya floraidi, na hayafai kutegemewa kwa kunywa.

Sababu ni umbo la ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji yake, zaidi ya asilimia 80, huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka ziwani humo. Maji huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kugeuka mvuke kutokana na jua na upepo. Madini yaliyoletwa na mto hayapandi na mvuke huo, bali hubaki na kuongezeka mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana kuyachemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi chumvi wala floraidi. Kinyume chake, kadiri maji yanavyopungua sufuriani, ndivyo madini yanavyozidi kukolea katika yale yaliyobaki.

Visima vinavyochimbwa na wafugaji katika mchanga wa mito iliyokauka haviwezi kuwa tegemeo la mgeni pia. Hivyo ni uhai wa Wadasanach, Wagabra na mifugo yao, hasa wakati wa kiangazi, na mgeni anayejaza mitungi yake humo huwa anawapunguzia wenyeji kile ambacho hakiwatoshi.

Kwa hivyo hesabu hufanywa kabla ya safari. Katika joto ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35 mchana, ni busara kukadiria lita 8 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne watakaokaa siku tano wanahitaji lita 160, yaani mitungi minane ya lita 20, mbali na akiba ya siku ambazo gari linaweza kukwama.

Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 160. Uzito huo hulifanya gari litumie mafuta zaidi na kuzama upesi mchangani. Kila kitu kisicho cha lazima kinachopakiwa huwa kinapunguza nafasi ya maji au mafuta.

Sibiloi ilitangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1973, nayo ina ukubwa wa kilomita 1,570 mraba. Iko katika Kaunti ya Marsabit, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Lami hufika mjini Marsabit. Kutoka hapo, wasafiri wengi hupitia jangwa la Chalbi na mji mdogo wa North Horr kabla ya kuelekea ziwani.

Chalbi zamani lilikuwa ziwa, na baada ya mvua sakafu yake hugeuka tope linaloweza kulishika gari kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu wazoefu husafiri kwa magari mawili au zaidi, yote yenye uwezo wa kuendesha magurudumu manne, wakiwa na magurudumu ya akiba, sepetu na kamba ya kuvutia.

Magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, yanayopendwa katika mbuga za Marekani na Afrika Kusini, hayafai njia hii. Huko ng'ambo, kambi nyingi huwa na nyaya za umeme na mifereji ya maji ambayo gari huunganishwa nayo. Katika Sibiloi, mpiga kambi hupewa uwanja tu, na mengine yote huyabeba mwenyewe.

Wanaofika na magari ya kulala mara nyingi ni wasafiri wanaovuka bara la Afrika, ambao baadhi yao huingia kutoka Omorate, Ethiopia, kupitia Illeret. Wengi wao hutumia magari imara yenye hema lililofungwa juu ya paa, ambalo huwaepusha na nge na nyoka.

Mawasiliano ya simu ni haba. Inafaa kulipa ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen kabla ya kuondoka penye mawasiliano, na kumwachia mtu nyumbani ratiba ya safari. Ni muhimu vilevile kuuliza maafisa wa KWS na polisi kuhusu usalama, kwa kuwa eneo hilo limewahi kukumbwa na mizozo ya malisho na wizi wa mifugo.

Baada ya maji, adui wa pili ni upepo. Ziwa Turkana liko katika mkondo wa nchi ya chini kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia. Upepo unaotoka kusini mashariki hubanwa katika upenyo huo na kuongeza kasi, kama maji yanavyofanya mtu anapoubana mdomo wa mpira wa kunyunyizia. Nguvu hiyo ndiyo iliyofanya mitambo 365 ya kuzalisha umeme kujengwa kusini zaidi, karibu na Loiyangalani, na kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018.

Upepo huo haulali usiku. Hema lililosimikwa jioni tulivu laweza kung'olewa kabla ya alfajiri, kwa kuwa vigingi vifupi havishiki mchangani. Dawa yake ni kufukia mifuko iliyojazwa mchanga na kuifunga kwa kamba za hema, kuliegesha gari upande unaotoka upepo, na kuuelekeza mlango wa hema upande wa pili.

Wenyeji walitambua hayo zamani. Nyumba za Wagabra, ambazo hubomolewa na kubebwa na ngamia wakati wa kuhama, ni za mviringo kama bakuli lililofunikwa. Upepo huteleza juu yake bila kupata ukuta wa kusukuma. Hema fupi lenye umbo hilo hudumu, ilhali lile refu lenye kuta zilizosimama huraruka.

Mahali pa kusimika hema pia pana hatari zake. Miti yenye kivuli humea kando ya laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, na mchanga wake laini humvutia mtu aliyechoka. Hata hivyo, mvua inayonyesha milimani, mbali na macho ya aliyelala, inaweza kuleta mafuriko ya ghafla katika laga ambapo hakujadondoka hata tone moja.

Ufuoni nako, Ziwa Turkana lina mamba wengi. Hema huwekwa mbali na maji, na si salama kuogelea, kuosha vyombo au kutembea ukingoni gizani. Asubuhi, viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa nge hupenda kujificha humo.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huweza kuliharibu bila kujua. Vipande vinavyofanana na magogo vilivyotapakaa katika sehemu moja ya mbuga si kuni, bali ni miti iliyogeuka mawe tangu mamilioni ya miaka iliyopita, wakati nchi hiyo ilikuwa na misitu. Huko Koobi Fora, mabaki ya kobe mkubwa na mamba wa kale yangali pale pale yalipopatikana.

Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, aliyekuwa katika kikosi cha Richard Leakey, aligundua katika eneo hilo fuvu maarufu linaloitwa KNM-ER 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Halikupatikana zima. Liliunganishwa kutokana na vipande vingi vidogo, ambavyo mpita njia angeweza kuvidhania kokoto.

Wanasayansi hujua umri wa mifupa kwa kuchunguza matabaka ya majivu ya volkeno yaliyo juu na chini yake. Mfupa ukiokotwa na kutiwa mfukoni, hupoteza tabaka lake, na pamoja nalo umri wake. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu makavazi na turathi hulinda mabaki hayo, na dereva anatakiwa kufuata njia zilizopo badala ya kukata mpya.

Takataka hurudishwa zilikotoka, kwani katika nchi kame kitu kilichotupwa huchukua miaka mingi kuoza. Kuhusu mitungi, hakuna aibu kwa mpiga kambi kufika Marsabit akiwa bado na maji ambayo hayajaguswa. Gari lingekwama Chalbi siku mbili, maji hayo ndiyo yangekuwa tofauti kati ya usumbufu na msiba. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi.