Nondo ndani ya ndoo ni onyo kwa shamba la mahindi

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii huambiwa wenye maduka. Lakini wiki hii, msomaji wetu mpendwa, tungependa kukuonyesha jinsi inavyomhusu hata mtu asiye na duka: yule anayewasha taa nyuma ya nyumba usiku, akahesabu nondo asubuhi na kuiandika hesabu hiyo daftarini, msimu baada ya msimu.

Huenda ukacheka. Nondo? Yule mdudu anayezunguka balbu hadi akatumbukia kwenye kikombe chako cha chai? Naam, huyo huyo. Na ikiwa nyumbani kwenu ni Bokoli, Kimilili, Webuye au Kitale, basi unga wa sima na karo ya shule hutegemea kwa kiasi fulani yale ambayo mdudu huyu anayafanya gizani wakati nyinyi mmelala.

Kila mtoto aliyelelewa Bungoma anajua jinsi kumbikumbi wanavyonaswa. Mvua ikinyesha na jioni ikatulia, taa huwekwa karibu na beseni la maji, na kabla ya saa nyingi kupita kitoweo kimepatikana. Mtego wa nondo ni ndugu wa mtego huo. Tofauti ni kwamba hapa hatutafuti kitoweo, tunatafuta habari.

Kwa muda mrefu watu waliamini kuwa wadudu huupenda mwanga, au huudhania kuwa mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kubwa, ulionyesha jambo jingine. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, kwa kuwa tangu enzi upande huo umekuwa ni mbinguni. Akifika karibu na balbu, anaugeuzia mgongo mwanga usio wa mbingu, naye hubaki akizunguka bila kujua atokeje. Hajapendezwa, amepotezwa.

NDOO, BALBU NA TREI ZA MAYAI

Mtego wenyewe hauhitaji mtaalamu. Chukua ndoo kubwa. Juu yake weka faneli pana, inayoweza kutengenezwa kwa karatasi ngumu ya plastiki. Juu ya faneli ning'iniza balbu. Ndani ya ndoo panga trei tupu za mayai, ili nondo wapate mahali pa kujificha na kutulia hadi asubuhi. Toboa vitundu vidogo chini ya ndoo, maji ya mvua yasije yakawazamisha.

Nondo huvutwa zaidi na mwanga wenye miali ya urujuanimno, ule ambao jicho la binadamu halioni. Kwa sababu hiyo taa za zebaki hunasa wengi kuliko balbu ya manjano. Lakini kwa anayetaka kulinganisha usiku mmoja na mwingine, jambo la maana zaidi ni kutobadilisha kitu. Balbu iwe ile ile, mahali pawe pale pale, na saa za kuwasha na kuzima ziwe zile zile. Ukibadilisha balbu katikati ya mwaka, hutajua kama walioongezeka ni nondo au ni mwanga.

Amka mapema, kabla ya kuku. Kuku akitangulia kuifikia ndoo, hakuna hesabu siku hiyo. Toa trei moja moja, hesabu, kisha waachilie nondo kwenye kichaka chenye kivuli. Na jihadhari na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aitwaye Nairobi flai, ambaye naye huvutwa na taa. Usimponde juu ya ngozi, maana maji yake huchoma na kuacha malengelenge. Mpulize tu aende zake.

Daftari nalo lipigwe mistari. Andika tarehe, mahali, saa za taa, mvua, upepo, na hali ya mwezi. Usiku wa mbalamwezi kamili ndoo huwa karibu tupu, si kwa kuwa nondo wamekwisha bali kwa kuwa mwanga wa taa umezidiwa. Halafu andika idadi ya kila aina. Usiyemjua jina mpe jina lako mwenyewe, kama "kahawia mwenye doa jeupe", umchore, na usilibadilishe jina hilo. Na usiku ambao hukupata hata mmoja, andika sifuri. Sifuri ni habari. Ukurasa mtupu si habari.

ADUI ALIYEINGIA MWAKA 2017

Sasa tuje shambani. Mwanzoni mwa mwaka 2016 nondo mgeni kutoka bara la Amerika aligunduliwa Afrika Magharibi. Kufikia Machi mwaka 2017 watoto wake, viwavijeshi vamizi, walikuwa wameonekana katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, zikiwemo Bungoma na Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba hasara ilifikia karibu thuluthi moja ya mahindi ambayo nchi ingevuna kwa mwaka, yaani takriban tani milioni moja.

Hebu lifikirie jambo hilo kwa magunia. Familia iliyotarajia magunia thelathini ikapata ishirini. Kumi hayo yaliyopotea ndiyo yaliyokuwa yauzwe kulipa karo ya muhula wa kwanza.

Jike mmoja wa nondo huyu hutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake mafupi, kwa mafungu ya mia moja hadi mia mbili, na kuyafunika kwa manyoya laini. Penye joto la kutosha mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne. Kiwavi mchanga hukwangua majani, kisha hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kula kwa wiki mbili au tatu. Akishaingia humo na kunenepa, dawa haimfikii vyema, na pesa za dawa hizo ni kama zimetupwa mtoni Nzoia.

Bila shaka umeshaona faida ya daftari. Anayesubiri hadi aone majani yenye matundu amechelewa. Aliyeona hesabu ya nondo ikipanda Jumatatu anajua kwamba kufikia Alhamisi anapaswa kuwa shambani akitafuta mafungu ya mayai. Atembee kwa umbo la herufi W, asimame mahali patano, na kila mahali akague mimea kumi. Mayai hupondwa kwa vidole. Viwavi wadogo wakulima wengi huwamwagia jivu au mchanga ndani ya moyo wa mmea. Hayo hayagharimu chochote ila mguu na jicho, lakini hufaa tu yakiwahi.

Kiwavi mwenyewe hutambulika kwa alama kichwani inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Nondo dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Watoto wenye macho makali hulijua doa hilo kwa siku moja.

HATUKUANZA LEO

Usidhani, msomaji, kuwa jambo hili ni geni Afrika Mashariki. Kabla ya mvamizi huyu tulikuwa na viwavijeshi wetu wa asili, wale weusi wanaotembea kama kikosi na kumaliza mahindi, wimbi na nyasi za ng'ombe kwa siku chache. Nondo wao husafiri na upepo mamia ya kilomita, na kwa kawaida mashambulizi huanzia Tanzania kabla ya kuingia Kenya na kuendelea hadi Ethiopia. Mwaka 2022 walirudi kwa kishindo katika nchi kadhaa za eneo hili.

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, wakiongozwa na E. S. Brown, walisambaza mitego ya taa katika nchi za Afrika Mashariki. Kila kituo kilihesabu nondo kila usiku na kutuma hesabu. Hesabu hizo zilipowekwa pamoja na habari za upepo na mvua, iliwezekana kubashiri mahali pa kushambuliwa, na mwaka 1969 huduma ya kuwatahadharisha wakulima ikaanza. Baadaye ilikuja mitego yenye harufu ya nondo jike, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Kilosa, Tanzania, vilipewa mitego na vipimo vya mvua ili wanakijiji wenyewe wabashiri.

Kitale nayo ina historia yake. Mwaka 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyekuwa akikusanya wadudu, ndege na vitu vya kale tangu utotoni, alifungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 mali hiyo iliachiwa taifa, na mwaka 1974 jengo jipya la Makumbusho ya Kitale likafunguliwa. Ukimpeleka mtoto pale, mwonyeshe kijikaratasi kilichoandikwa tarehe na mahali. Mdudu asiye na kijikaratasi ni pambo tu. Mwenye kijikaratasi ni shahidi.

Uingereza, mitego ya taa iliwashwa Rothamsted tangu miaka ya 1930, na kuanzia mwaka 1968 mtandao wake ukaenea nchi nzima, mingi ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Ni kwa madaftari yao kwamba mwaka 2021 iliwezekana kusema kuwa idadi ya nondo wakubwa waliokuwa wakinaswa ilipungua kwa asilimia 33 katika miaka hamsini. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuliona jambo hilo kwa macho.

MSIMU MMOJA HAUTOSHI

Mtu akikuambia kuwa jana alinasa nondo arobaini, muulize: mwaka jana wiki kama hii walikuwa wangapi? Asipojua, arobaini yake haina maana. Tuseme daftari linaonyesha kwamba kila Aprili, mvua zikishika, hesabu hupanda hadi ishirini na kushuka. Basi arobaini ni kengele. Tuseme linaonyesha kuwa kawaida ni sitini. Basi lala usingizi.

Nondo wa kipekecha shina, adui wa siku nyingi wa mahindi ya nyanda za juu, ni mfano mzuri. Kiwavi wake hukaa ndani ya mabua makavu kiangazi chote akiwa kama amelala, na hugeuka kuwa nondo mvua zinaporudi, mahindi machanga yakiwa yameshaota. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa kuwalisha ng'ombe mabua au kuyafukia badala ya kuyaacha yasimame. Daftari la misimu mitatu litakuonyesha kama jirani zako wamefanya hivyo au hawakufanya.

Na dawa isiwe kimbilio la kwanza. Kituo cha icipe pamoja na washirika wake kimekuwa tangu mwaka 1997 kikifundisha wakulima wa Suba na Trans Nzoia kupanda desmodiamu kati ya mahindi na majani ya nepia kandokando. Desmodiamu huwafukuza nondo, nepia huwaita nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika mashamba ya aina hiyo viwavijeshi vamizi walikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Isitoshe, ng'ombe anapata malisho.

Tena usiwachukie nondo wote. Duniani kuna aina zipatazo 160,000, na wanaokula mazao yetu ni wachache mno. Wale wakubwa wenye mwili mnene, wanaoelea mbele ya ua jioni kama ndege chozi, ndio wanaochavusha mipapai. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa umbali wa shamba na vichaka vya asili huathiri kazi hiyo. Anayefyeka kila kichaka asishangae mpapai wake ukikosa matunda. Popo na ndege wengi nao huishi kwa nondo na viwavi wao. Ndiyo maana tunawaachilia asubuhi.

Wewe uliye Nairobi, Nakuru au Eldoret unaweza kuanza kwa njia rahisi. Watoto wakienda kwa nyanya yao likizo ya Aprili, wape daftari, kalamu na balbu. Aprili watahesabu mvua zikishika, Agosti watahesabu mahindi ya Bungoma yakikauka, na Desemba watahesabu kiangazi kikiingia. Wakirudi shuleni, binamu aliyebaki Bokoli aendeleze, hata kama ni usiku mmoja tu kila wiki, mradi asiruke. Mwalimu wa sayansi atafurahi, na afisa wa kilimo wa wadi atakuwa na kitu cha kusoma.

Gharama yake ni umeme kidogo na dakika ishirini za asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu, msomaji, huanza kuonekana usiku, chini ya balbu, siku kadhaa kabla ya jani la kwanza kutobolewa.